Mipira Mipya ya Karatani

Ng'ambo ya milima ambako ramani zetu huishia, kuna nchi iitwayo Karatani, na watu wake wanajivunia jambo moja kuliko mengine yote: hakuna anayeiba senti ya serikali. Hayo si majigambo ya barazani. Bi Tunu Mwinyikombo alikaa huko miezi saba, akakagua kwa macho yake na kwa vidole vyake, akarudi akisema ni kweli tupu. Kisa chenyewe ni chake, nami nakisimulia kama alivyokisimulia, bila kukitia chumvi.

Bi Tunu alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Sauti ilikuwa imemkwaruzika kwa kuwapigia watoto kelele uwanjani, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Alipostaafu alikwenda Karatani kupumzika. Hakupumzika hata wiki.

Sheria ya nchi ile inasema mgeni akitimiza siku tatu apewe kazi moja ya umma. Sababu yake ni ya maana. Wakaratani wameoana sana, kila mtu ni shemeji au mjomba wa mwenzake, hivyo hesabu za serikali haziwezi kufungwa mpaka zitiwe saini na mtu asiye na ndugu hata mmoja nchini. Mtu huyo huitwa Shahidi Mgeni. Asubuhi ya siku ya nne, Bi Tunu akiwa bado anakunywa chai, alipelekewa barua yenye mihuri sita. Alikuwa ameteuliwa kuwa Shahidi Mgeni wa Fungu la Viungo.

Fungu la Viungo ni fedha ambazo serikali ya Karatani huzipa shule zote za msingi kila mwaka, ili watoto wafanye mazoezi ya viungo na kucheza michezo. Hutokana na kodi ya chumvi. Kila nyumba hulipa, hata ile inayopika mara moja kwa siku, na Bi Tunu hakumsikia mtu akinung'unika. Mama mmoja sokoni alimwambia, huku akipima chumvi yake, "Hii ni ya watoto, dada. Ya watoto hailalamikiwi."

Alianzia ofisini kwa Mpima Mkuu, Mheshimiwa Ngwali. Alitarajia kukuta kiti cha ngozi na gari nje. Akamkuta mzee mrefu, mwembamba, mwenye viatu vilivyotiwa viraka pande zote mbili, ambaye kila siku alitembea mwendo wa saa moja na nusu kwenda kazini kwa sababu alikataa kununuliwa gari na serikali. Katikati ya chumba palikuwa na mizani kubwa, ya kupimia magunia.

"Ya nini hiyo, Mheshimiwa?" Bi Tunu aliuliza.

"Ya ripoti," alijibu Ngwali. "Zamani Baraza la nchi lilibishana jinsi ya kuijua shule inayotumia fungu lake kwa uwazi. Likaona kwamba anayeeleza mengi anaficha machache. Tangu hapo tunazipima ripoti kwa uzito."

"Na ipi ni nzito kuliko zote?"

Uso wa mzee ulichanua. "Shule ya Msingi Mlimandogo. Mwaka jana kilo arobaini na moja na nusu. Wameshinda nishani mara tisa mfululizo. Mwalimu wangu, nimekaa kiti hiki miaka kumi na tisa. Haijapotea senti moja. Haijapotea kamba moja ya kuruka. Nenda kaone."

Bi Tunu alimtazama machoni akaona hadanganyi. Alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomchanganya akili siku zote zilizofuata. Alikuwa amewazoea wakubwa wanaoficha. Huyu hakuwa na cha kuficha.

Huko Mlimandogo Bi Tunu alipokelewa langoni na mwalimu mkuu, Mwalimu Pandu, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, na kifuani nishani tisa zinazogongana kila alipopumua. Watoto walijipanga wakasema, "Shikamoo, Mwalimu!" kwa sauti moja, na Bi Tunu akaitikia, "Marahaba, wanangu," huku akiona kwamba ni wanene kidogo mashavuni na wembamba sana miguuni.

Pandu alimpeleka kwanza kwenye kabati la vioo. Ndani yake mlikuwa na mipira ishirini na minne, kila mmoja na namba yake na kadi yake. Kamba za kuruka zilikuwa bado zimefungwa nyuzi za dukani. Fulana za michezo zilikuwa zimekunjwa zikapangwa kama sabuni.

"Mipira hii imeletwa lini?" aliuliza Bi Tunu.

"Miaka tisa iliyopita."

"Mbona mipya?"

"Ahsante sana, Mwalimu," alisema Pandu, akainamisha kichwa kwa heshima. Alidhani amesifiwa.

Kisha akamwonyesha uwanja. Bi Tunu hakuwahi kuona uwanja mzuri kama ule katika shule ya serikali. Nyasi zilikuwa fupi, sawasawa, kijani kibichi kutoka kona hadi kona, na uzio uliuzunguka wote. Kwenye uzio palikuwa na kibao: UWANJA WA WATOTO. USIKANYAGE.

Kengele ikalia kwa kipindi cha viungo cha darasa la nne. Watoto wakakaa, wakafungua madaftari. Mwalimu wao aliuliza kukimbia ni nini, na darasa zima likaimba kwamba kukimbia ni kitendo cha kuhamisha mwili kutoka mahali hadi mahali kwa hatua za haraka, ambapo kwa kitambo kifupi miguu yote miwili haigusi ardhi. Mtoto aliyeongoza mtihani wa kukimbia alisimamishwa ili mgeni amwone. Aliitwa Mashavu, wa miaka kumi, na alikuwa amepata tisini na nane kwa mia.

"Hongera, mwanangu," alisema Bi Tunu. "Twende nje unionyeshe."

Mashavu alimtazama mwalimu wake, kisha Bi Tunu. "Nje hakuna mtihani, Mwalimu."

"Najua. Twende tu."

Palikuwa na njia ya changarawe kati ya madarasa na choo, mahali pekee ambapo hapakuwa na uzio. Bi Tunu alimwambia akimbie mpaka kwenye bomba la maji. Ni hatua thelathini. Mtoto alianza kwa kutembea haraka, mikono imeganda ubavuni, halafu pale katikati kitu kikamwachia akakimbia kweli, vibaya vibaya, kandambili zikimpiga visigino. Alifika kwenye bomba akalishika kwa mikono miwili, anahema, macho yamemtoka.

"Mwalimu, moyo unanigonga! Naumwa?"

"Huumwi," alisema Bi Tunu, na sauti yake mbovu ikazidi kukwaruza. "Hivyo ndivyo unavyotakiwa ugonge."

Mashavu akaweka kiganja kifuani, akasikiliza. Halafu akacheka. Akauliza kama anaruhusiwa kurudia.

Ofisini, mlango ukiwa umefungwa, Bi Tunu hakumung'unya maneno. "Mwalimu Pandu, watoto wako hawajawahi kuugusa mpira."

Pandu alivua nishani zake moja moja, akaziweka mezani kana kwamba zimekuwa nzito ghafla.

"Unadhani sijui?" alisema. "Zamani kabla ya sheria, walimu wakuu walikuwa wanachukua mipira ya shule wanawapelekea watoto wao nyumbani. Ndipo ikawekwa kanuni: mpira ukikutwa umechakaa siku ya ukaguzi, mwalimu mkuu anaulipa mara kumi kwa mshahara wake, na cheo anavuliwa. Ikawa dawa. Hakuna aliyeiba tena. Mwenzangu aliyenitangulia hapa aliwaachia watoto mpira mmoja, wiki moja tu. Ukatoboka. Bado anaulipa, na sasa ni mzee wa miaka sabini."

"Na watoto wasitengeneze hata mpira wa matambara?"

"Ulipigwa marufuku. Haumo kwenye orodha ya mali." Pandu alitazama dirishani. "Mimi nilikulia kwenye mpira wa matambara, Mwalimu. Nilikuwa nakimbia kutoka kwetu mpaka kijiji cha pili na kurudi, pekupeku, kwa raha zangu. Wakati ule serikali haikuwa inatupa kitu. Sasa inatupa kila kitu, na hakuna mtoto hapa anayeweza kufika hata lango la kijiji."

Bi Tunu alirudi mjini na moyo mzito. Akitia saini, mambo yataendelea vilevile mwaka wa kumi. Asipotia, sheria inasema shule irudishe fedha zote na ifutwe kwenye fungu, na mtoto atakosa hata ile mipira ya kutazama. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika Siku ya Kupima, ripoti zinapopimwa na kutiwa saini mbele ya Baraza. Kwa siku nne alikaa kwenye maktaba ya Baraza, akasoma Sheria ya Fungu la Viungo yote. Ilikuwa na vifungu elfu mbili na ushee, karibu vyote vikieleza jinsi ya kuzilinda fedha zisipotee. Kifungu cha kwanza kilikuwa na mstari mmoja tu: *Fungu hili litolewe ili limfikie mtoto mwilini.*

Siku ya Kupima ukumbi wa Baraza ulijaa. Wazazi walikuwa wamekuja na nguo zao nzuri. Makabati ya vifaa ya shule zote yalipangwa ukutani, kama desturi ilivyo, na nje uani watoto wa kila shule walisimama na vibendera. Ripoti ya Mlimandogo ilibebwa na watu watatu. Mshale wa mizani ukasimama kwenye kilo arobaini na mbili, ukumbi ukapiga makofi, na Ngwali akamkabidhi Bi Tunu kalamu.

"Mheshimiwa," alisema Bi Tunu, "kabla sijatia saini naomba nisaidiwe jambo moja. Ripoti hii inaeleza vizuri mno fedha zilikokwenda. Ni ukurasa gani unaoeleza zilivyomfikia mtoto mwilini?"

Mtu mwingine angemkaripia. Ngwali alivaa miwani, akaketi, akaanza kutafuta ukurasa kwa ukurasa, na Baraza zima likamngoja. Alipekua asubuhi yote. Watoto wachanga walilia wakanyamaza. Jua lilipofika utosini alifunga jalada la mwisho.

"Haupo," alisema.

Mjadala ukalipuka. Mjumbe mmoja alitaka watoto wenyewe wapandishwe kwenye mizani: wakikutwa wameongezeka uzito, fungu limewafikia. Wa pili akapinga kwamba uzito unatokana na chakula, na chakula ni cha wizara nyingine. Wa tatu akapendekeza iundwe kamati ya kuandika ukurasa unaokosekana, na ukurasa huo usipungue kilo mbili. Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mpole mwenye nyundo kubwa, aligonga meza mpaka mkono ukamchoka.

"Mtoto si hati," alisema Ngwali hatimaye, kwa huzuni ya kweli. "Hawezi kuwasilishwa."

Hapo ndipo Mwalimu Pandu aliposimama. Hakuomba nafasi ya kusema. Alikwenda ukutani, akatoa ufunguo shingoni, akafungua kabati la Mlimandogo. Wajumbe wakanyanyuka vitini kutazama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona kabati lile likifunguliwa isipokuwa kwa kufutwa vumbi. Pandu akachukua mpira namba saba, akaubonyeza kwa vidole gumba, akatoka nao uani.

"Mashavu!" aliita. "Weka bendera chini. Shika. Ni mali yako."

Mtoto aliupokea kwa kifua na mikono, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akaunusa. Halafu ukamdondoka, ukaruka, naye akashangaa kuona umerudi juu wenyewe. Mwenzake akaupiga teke, mwingine akaukimbilia, na baada ya kitambo watoto wote wa darasa la nne la Mlimandogo walikuwa wanaufuata mpira mmoja kwenye changarawe ya uani kwa Baraza, wanaanguka, wanainuka, wanagongana, wanapiga kelele ambazo wajumbe wengi hawakuwahi kuzisikia tangu utoto wao. Wazazi walikuwa madirishani. Hakuna aliyewazuia.

Walipochoka, Pandu aliuokota mpira. Ulikuwa na vumbi, na mshono mmoja ulikuwa umeanza kuachia. Akarudi nao ndani, shati limelowa jasho, akauweka mbele ya Mpima Mkuu.

"Naomba fomu ya uharibifu wa mali," alisema.

Fomu ikatafutwa, kwa sababu ilikuwa haijatumika miaka mingi. Pandu akaandika namba ya mpira, tarehe, na jina lake kamili, na jina la baba yake, na la babu yake. Alipofika pale panapouliza sababu ya uharibifu, aliandika akisoma kwa sauti: "Umechezewa na watoto thelathini na wanane. Hakuna aliyekataa. Watatu wamechubuka magoti, na wote wanaomba kurudia."

Ngwali aliisoma fomu ile mara mbili. Aliondoa miwani akaifuta, akasoma mara ya tatu.

"Shahidi Mgeni," alisema, "huu ndio ukurasa nilioutafuta asubuhi yote. Unaweza kuutia saini?"

"Huu nautia," alisema Bi Tunu, akautia.

Karatasi ile iliwekwa kwenye mizani peke yake. Mshale haukutikisika. Watu wakasubiri kuona Mpima Mkuu atasema nini, maana miaka kumi na tisa alikuwa anausomea ukumbi uzito wa kila shule.

"Mizani hii," alisema Ngwali taratibu, "haina uwezo wa kupima jambo hili. Nimekaa kiti hiki nikiwalinda walipa kodi ya chumvi wasiibiwe, na hawakuibiwa. Lakini mtu akikupa maji umpelekee mtoto wake, ukayafikisha mlangoni bila kumwaga tone, ukakaa nayo pale mlangoni miaka kumi na tisa, huwezi kusema umeyafikisha. Nami ndiye niliyekaa nayo. Naomba iandikwe hivyo, kwa jina langu."

Kisha akatoa hoja ya kubadili kanuni: kuanzia mwaka ule, mwalimu mkuu atakayekutwa na mpira mpya siku ya ukaguzi ndiye atakayeulipa mara kumi. Na kila shule iandike jina la kila mtoto na jambo moja ambalo mwili wake unaweza kulifanya leo ambalo mwaka jana haukuweza. Baraza lilibishana siku mbili. Wapo waliouliza mpira mpya ni upi hasa, na kama uliochafuliwa kwa makusudi usiku wa kuamkia ukaguzi utahesabiwa. Ngwali akajibu kwamba mtoto ataitwa aucheze mbele ya mkaguzi, na mtoto hajui kughushi pumzi. Hoja ikapita, kura zote isipokuwa nne.

Lakini sheria ya Karatani hairudi nyuma. Mpira namba saba ulichakaa chini ya kanuni ya zamani, na Mwalimu Pandu alikuwa ameuchakaza mbele ya Baraza zima. Akavuliwa ukuu wa shule, nishani tisa zikachukuliwa, na akatakiwa kulipa mara kumi.

Barua ya adhabu Ngwali aliiandika kwa mkono wake na kuipeleka mwenyewe, kwa miguu, mpaka Mlimandogo. Bi Tunu alifuatana naye. Walimkuta Pandu nje ya nyumba yake, wazazi wamemzunguka, wanambembeleza wakubaliwe kuchangia.

"Hapana, jamani," alikuwa akisema. "Nawashukuru. Hili niachieni mimi."

Ngwali alimkabidhi barua kwa mikono miwili. "Nimeandika barua nyingi za namna hii," alisema. "Ni ya kwanza kuileta kwa fahari."

"Nami ni ya kwanza kuipokea kwa fahari, Mheshimiwa," alijibu Pandu. "Sasa naomba kazi. Mwalimu wa kawaida anaweza kupangiwa kipindi chochote, siyo?"

"Chochote."

"Nipeni viungo. Darasa la kwanza mpaka la saba."

Bi Tunu alikuwa anarudi kwao wiki ile. Aliahirisha. Kwa miezi sita iliyofuata yeye na Pandu walisimama uwanjani kila siku ya shule, yeye na goti lake bovu. Waling'oa uzio siku ya kwanza. Walianza na kutembea, kisha kuruka kamba, kwa sababu vifua vya watoto vilikuwa havijazoea. Mtoto mmoja alitapika, wawili waligoma, na mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba binti yake sasa anakula sana. Nyasi zikaanza kufa mbele ya magoli. Pandu alisimama juu ya ile sehemu yenye upara akamwita Bi Tunu aje aitazame, kama mkulima anayeonyesha shamba lililozaa.

Mwezi wa saba wa Bi Tunu nchini, shule nane za wilaya zilikutana Mlimandogo kwa mashindano, ya kwanza ambayo mtu yeyote wa pale aliyakumbuka. Watu wa mashamba ya chumvi walipewa ruhusa ya nusu siku. Walikuja na nguo za kazi, miguu imepauka mpaka magotini, wakakaa pembeni mwa uwanja bila kujua wanatakiwa wafanye nini, wapige makofi au wanyamaze.

Mbio za kuzunguka uwanja mara mbili zilikuwa na watoto kumi na sita. Mashavu alianza wa mwisho. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa kumi na moja, mdomo wazi, viwiko vimetanuka. Bi Tunu aligundua kwamba amesahau kuhesabu muda. Kwenye kona ya mwisho mtoto aliwapita wawili, kisha watatu kwa mpigo, kisha mmoja aliyekuwa amechoka, na akavuka mstari akiwa wa tano.

Kati ya watu wa chumvi mwanamke mmoja akaruka juu. Alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akikimbia. Alisukuma watu wawili, akaingia mpaka ndani ya uwanja, na mikono yake iliyochanjwachanjwa na chumvi ikiwa juu hewani akaliambia kundi zima, serikali na wote waliokuwepo, kwa sauti iliyofika barabarani:

"Huyo ni wangu! Wa tano! Mmemwona? Huyo ni wangu!"

Mwalimu Pandu alikuwa ameshika utepe pale kwenye mstari. Alianza kutangaza matokeo, akaishia kwenye jina la Mashavu. Akampa Bi Tunu karatasi amalizie yeye.